Usonji na Sahani ya Mtoto: Maswali ya Wazazi wa Mombasa

Mtoto akichelewa kusema, Mji wa Kale hauishiwi na majibu. Yuko anayeshauri apewe muda, yuko anayetaka asomewe, na siku hizi yuko anayeshikilia kwamba kisa ni ngano na maziwa. Mwaka 2015 mtafiti Joseph Gona na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu usonji uliofanywa Kilifi na Mombasa. Wazazi na wataalamu walitaja pepo wabaya, uchawi na laana, na papo hapo wakataja maambukizi, matatizo ya kujifungua, lishe duni na urithi.

Mtoto apelekwe kupimwa lini?

Mara tu wasiwasi unapoingia. Aliyetimiza mwaka na haitiki jina lake, wa mwaka na nusu asiyenyoosha kidole kumwonyesha mamake paka barazani, au wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, hana la kungojea. Aliyekuwa na maneno kisha yakampotea apelekwe wiki hiyo hiyo.

Upimaji wenyewe ukoje?

Usonji hautambuliwi kwa damu wala kwa picha ya ubongo. Kwanza hupimwa masikio, maana mtoto asiyesikia naye haitiki. Halafu mzazi huulizwa maswali 20 ya dodoso la M-CHAT-R, lililotungwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Alama 3 hadi 7 huleta maswali ya ziada. 8 na zaidi, mtoto hupewa rufaa moja kwa moja. Dodoso huchuja tu, halithibitishi.

Kuthibitisha ni kazi ya mtaalamu anayeketi mkekani na mtoto. Hupuliza mapovu ya sabuni, kisha huacha ghafla na kusubiri. Je, mtoto atamtazama usoni kuomba tena, au atauchukua mkono wake na kuusukuma kwenye kichupa bila kumwangalia mwenye mkono?

Pwani ina kipimo chake pia. Kilifi Developmental Inventory, kilichoandaliwa na Amina Abubakar na wenzake na kuchapishwa mwaka 2008, hutazama jinsi mtoto wa miezi 6 hadi 35 anavyotembea na kutumia mikono. Hakipimi usonji, bali huonyesha kama ukuaji umechelewa kwingine. Kisiwani, mlango wa umma ni Hospitali ya Coast General. Mambo ya shule huangaliwa na vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vilivyoanza Kenya mwaka 1984.

Kuondoa ngano na maziwa kunasaidia?

Dhana ilikuwa kwamba gluteni ya ngano na kaseini ya maziwa hazisagiki vizuri tumboni, na vipande vyake hufika ubongoni na kufanya kazi kama kasumba. Huko Rochester, Marekani, watafiti waliwaweka watoto 14 kwenye lishe isiyo na vitu hivyo, kisha wakawapa vitafunio, vingine vikiwa navyo na vingine havina, bila wazazi kujua kipi ni kipi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, hayakuonyesha tofauti ya tabia, usingizi wala choo. Mwongozo wa afya wa Uingereza, NICE, tangu 2013 unashauri lishe hiyo isitumiwe kutibu usonji.

Na familia ikishikilia kujaribu?

Imwone mtaalamu wa lishe kwanza, na kipimo cha ugonjwa wa siliaki, ambapo gluteni hudhuru utumbo, kifanywe kabla ngano haijaondolewa. Baadaye majibu hupotosha. Kwa jiko la Mombasa, ngano si shida kubwa: mahamri na chapati hupisha vitumbua, mkate wa kumimina, muhogo na bhajia za dengu.

Kazi iko kwenye maziwa. Tui la nazi halishiki nafasi yake, kwa kuwa lina mafuta mengi lakini kalsiamu na protini kidogo. Dagaa wanaoliwa pamoja na miba yao husaidia, mtoto akikubali kuwala.

Anakula vitu vitatu tu. Afanyweje?

Asilazimishwe. Kwanza yaangaliwe meno na choo, maana mtoto asiyeweza kusema anaumwa huonyesha kwa kukataa chakula. Kisha kitu kipya kiwekwe kidogo pembeni ya anachokipenda, mathalani kijiko cha mbaazi kando ya wali, siku baada ya siku, hata asipokigusa. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwani hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini.

Anabandua rangi ukutani na kuila. Ni tabia tu?

Huenda ana upungufu wa chuma, na rangi kuukuu yaweza kuwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo. Mombasa inaijua sumu hiyo: mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Wanja nao, hasa ule wa jiwe, mara nyingine huwa na risasi na haufai macho ya mtoto. Hapo damu ipimwe chuma na risasi kwa pamoja, kwa sababu mwili uliopungukiwa na chuma hufyonza risasi zaidi.