Fisi wa Nani?

Fisi akiuawa karibu na makazi katika vijiji vya Usukuma, mfugaji huuliza amekula mbuzi wangapi. Baadhi ya majirani huuliza jambo jingine: fisi wa nani? Kwa imani iliyoenea Shinyanga na Geita, mchawi hutembea usiku akiwa amempanda fisi. Kwa hiyo kumuua mnyama hakumalizi hasira. Anatafutwa mwenye fisi.

Mara nyingi anayetajwa ni bibi mjane mwenye macho mekundu. Wekundu huo ni wa moshi. Amepika miaka mingi kwa kuni na mavi makavu ya ng'ombe, katika nchi ambayo miti yake mingi ilifyekwa tangu enzi za ukoloni kwa sababu mbalimbali, mojawapo ikiwa kuwaangamiza mbung'o. Mganga naye hupasua kuku, akasoma matumbo, akatoa jibu linalomwelekea mtu fulani. Baadaye bibi anakutwa amekatwa mapanga. Kuku hana kosa, na bibi hana kosa. Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku waganga wapiga ramli.

Machimboni imani ya uchawi imeuza hata viungo vya binadamu. Mchimbaji mdogo anaweza kukaa shimoni miezi bila kuona dhahabu, akaambiwa bahati yake imo katika kiungo cha kiumbe fulani. Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua kijana wa miaka 14 mwenye ualbino, wilayani Bukombe. Februari 2015, mtoto mwingine mwenye ualbino, wa takriban mwaka mmoja, aliporwa nyumbani kwao Chato, mkoani Geita, na mwili wake ukapatikana bila mikono na miguu.

Je, ukatili kwa mnyama una uhusiano na ukatili kwa binadamu? Si kila anayempiga punda ataua mtu. Kudai hivyo ni uzushi. Lakini ukatili una mazoea yake, na wengi wameyaona. Mwaka 1751 mchoraji Mwingereza William Hogarth alichapa picha nne za Tom Nero, aliyeanza kwa kumtesa mbwa utotoni, akafuatia farasi, akaishia kuua mwanamke. Tangu 2016 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, huhesabu ukatili kwa wanyama katika kundi lake la pekee la makosa.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 na Sheria ya Mtoto ya 2009. Kijijini, hata hivyo, sheria hizo mbili hazikutani: ya kwanza inabaki kwa ofisa mifugo, ya pili kwa ustawi wa jamii. Ni hasara, maana ofisa mifugo huingia ua ambao polisi hajawahi kuufikia. Akikuta punda wa mkokoteni ana majeraha mapya ya fimbo juu ya vidonda vya zamani, na watoto wanajificha baba anapotokea, ameona mambo mawili, si moja. Amtibu punda, kisha amweleze ofisa ustawi wa jamii.

Mwalimu anayesikia wanafunzi wakijisifu kwa kumchoma paka aulize nani aliwafundisha. Mtendaji wa kijiji anayesikia swali la fisi wa nani asingoje jina litajwe: awaite wazee na sungusungu siku hiyohiyo, na amhakikishie bibi ulinzi usiku huo. Habari za mtoto hupokelewa bure kwa simu namba 116. Za mtu mzima zipelekwe kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.