Somo: Mwenye Nyumba na Fundi Wake



Somo la juma hili ni juu ya neno linalovunja urafiki wa watu wengi katika mji wetu wa Lubumbashi. Kuanzia mwezi wa tano mpaka mwezi wa kumi, wakati wa ukavu, mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi inajaa mchanga na matofali. Mmoja anaongeza vyumba vya kupangisha, mwingine anaondoa mabati ya zamani. Halafu mvua inakaribia, kuta zimesimama katikati, na wazee wanaanza kupokea mashauri.

Tutaeleza shauri moja tulilolisikia sisi wenyewe, bila kutaja majina. Mama mjane wa Katuba alitaka kuongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, apate wapangaji, kwa maana masomo ya watoto yalikuwa yanamshinda. Fundi alikuwa ndugu wa kusanyiko lile lile. Walipatana kwa mdomo, chini ya mwembe: fundi anunue vifaa, na kazi ya mkono iwe dola 400. Mama alitoa feza ya matofali 2,000 na ya mifuko 30 ya simenti, pamoja na dola 200 za mkono. Juma la saba kazi ikasimama. Mama alisema, “Mtoto wangu amekula feza ya yatima.” Fundi alisema, “Mama aliongeza kazi na hakuongeza feza.” Kila mmoja alikuwa na watu wake wa kumtetea, na siku ya ibada hawakusalimiana.

Sisi wazee tulikosa pale mwanzoni, ni lazima tuliseme. Tuliwaketisha, tukawaomba wasameheane, tukaomba Mungu, tukaenda zetu. Siku tatu zikapita, na ugomvi ukawa mkubwa kuliko kwanza. Namna gani mtu atasamehe deni asilolijua kipimo chake? Tukarudi, safari hii na kamba ya kupimia, daftari na jembe.

Tulianza na matofali. Kuta mpya zilikuwa na urefu wa mita 12 zikiunganishwa. Kila mstari ulikuwa na matofali 60, na mistari ilikuwa 17, maana yake 1,020. Tulitoa nafasi za mlango na madirisha, karibu 120, ikabaki 900. Uwanjani kulikuwa na matofali 150 mazima, na yaliyovunjika tuliyakadiria 50. Ndugu wanaojua matanuru yetu hawatashangaa: udongo wa kichuguu unatoa tofali zuri, lakini yale yaliyokaa mbali na moto hayaivi, yanakatika mkononi.

Basi 900, 150 na 50 ni 1,100. Mama akapiga makofi: “Mnaona? Matofali 900 yameliwa!” Watu wake wakaanza kupaza sauti.

Fundi akasema neno moja tu: “Chimbeni.”

Tulichimba kwenye kona. Chini ya udongo tulikuta mistari mitano ya msingi, tena ukuta wa msingi ulikuwa mara mbili kwa upana. Mita 12, matofali 10 kwa kila mita, mara mistari mitano: matofali 600 ambayo hakuna aliyeyakumbuka, kwa sababu hayaonekani. Mama aliketi chini, akamwangalia fundi, na kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima akamwita tena “papa fundi”. Tunaona kwamba hapo ndipo shauri lilianza kupona, wala si wakati wa maombi yetu ya kwanza. Mtu aliyeshitakiwa kwa 900 aliweza sasa kusikia habari ya 300, kwa maana matofali 300 hayakuonekana popote.

Halafu simenti. Mtoto wa mama alikuwa amekusanya mifuko mitupu kwa kuuza: mifuko 19. Kati ya feza ya mifuko 30, 11 haikuwa na alama yoyote. Mwashi mmoja mzee tuliyekuja naye alikwaruza viungo vya ukuta kwa msumari. Katika mistari ya chini msumari uliteleza. Katika mistari minne ya juu ulizama, vumbi likatoka kama unga. Alieleza kwamba kwa kuunganisha matofali ni kipimo kimoja cha simenti na vinne au vitano vya mchanga. Pale juu simenti ilikuwa ya kunukisha tu. Ukuta wa namna ile, ukichukua uzito wa mabati na kupigwa na mvua ya mwezi wa kwanza, unaweza kuangukia watoto wa mpangaji. Kwa hiyo shauri halikuwa la feza peke yake.

Hapo fundi alinyamaza muda mrefu. Kisha alieleza. Feza ya mama alikuwa ameipeleka kumaliza kazi ya mtu mwingine, kwa sababu avansi ya mtu yule alikuwa ameitumia kumaliza kazi ya mtu wa kwanza. Mafundi wengi wanaishi katika mnyororo huu. Si wote wezi. Lakini kila nyumba inajengwa kwa feza ya nyumba inayofuata, na siku mteja mpya anapokosekana, wa mwisho ndiye anayelala bila paa.

Mama naye alikuwa na neno la kujibu. Katikati ya kazi alimwambia fundi amjengee baraza ndogo mbele ya mlango, “kitu kidogo tu”. Bei haikutajwa. Fundi alifanya kazi hiyo siku nne pamoja na wasaidizi wawili, na hakulipwa hata franka moja. Wenye nyumba, tusikilize neno hili: hakuna kitu kidogo tu katika kazi ya kujenga. Dirisha linalohamishwa ni ukuta unaovunjwa na kujengwa tena.

Tukafanya hesabu mbele ya wote. Mifuko 11 kwa bei waliyonunulia, dola 13, ni dola 143. Matofali 300, kwa dola 60 kila elfu, ni dola 18. Jumla dola 161 juu ya fundi. Kazi ya mkono ya baraza, wote wawili walikubali dola 70 juu ya mama. Ikabaki 91. Fundi hakuwa nayo, na kumlazimisha aseme “nitalipa” kungekuwa kumfundisha uongo. Tuliamua alete mifuko 7 ya simenti, ambayo ndiyo dola 91 kamili, kabla ya kuendelea. Mistari minne ya juu aibomoe na kuijenga tena kwa mkono wake, bila malipo. Dola 200 zilizobaki zigawanywe mara tatu: kuta zikifika mwisho, paa likikaa, na ya mwisho baada ya mvua ya kwanza kuonyesha kama panavuja. Na katika malipo ya kwanza, wale wasaidizi wawili wapewe mshahara wao mbele ya fundi. Walikuwa vijana ambao pande zote mbili ziliwasahau. Yakobo 5:4 inasema juu ya watu wa namna hiyo.

Yote haya tuliandika katika karatasi mbili, kila mmoja akatia sahihi, na mashahidi wawili. Laiti karatasi ile ingeandikwa mwezi wa sita! Ingetosha kutaja vipimo vya vyumba, nani ananunua vifaa, kipimo cha simenti, bei ya mkono, siku ya kumaliza, na kwamba kazi ya kuongeza haianzi bila bei. Feza ya vifaa isichanganywe na feza ya mkono. Vizuri zaidi, mwenye nyumba aende dukani pamoja na fundi na kushika risiti. Wengine wanaogopa kwamba kuandika ni kumdharau ndugu. Lakini Luka 14:28 haimchekeshi mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama ya mnara.

Ndugu wengine wanauliza: na kama fundi anakataa kuja mbele ya wazee, au si mtu wa kanisa? Mtume Paulo katika 1 Wakorinto 6 aliwakemea waliokimbilia mahakamani ndugu juu ya ndugu. Lakini hakuna andiko linaloamuru mjane apoteze nyumba yake kwa kunyamaza. Kwanza aende kwa mkubwa wa mtaa. Ikishindikana, iko Tribinali ya Amani, ambayo kwa sheria ya tarehe 11 mwezi wa nne 2013 inasikia madai yasiyopita franka 2,500,000. Sheria ya mapatano ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, ingawa ni ya zamani, ingali sheria ya inchi yetu, na article 33 yake inafanya mapatano halali kuwa sheria kwa waliopatana. Tena nyumba iliyojengwa kwa bei iliyokatwa ikianguka kwa ubaya wa kazi, mjenzi anaweza kuulizwa kwa muda wa miaka 10.

Lakini tuepuke njia ya mkato ya kumfungisha fundi kwa polisi ili atoe feza. Ni kweli, kula feza uliyokabiziwa kwa kazi fulani kunaweza kuwa kosa la jinai. Lakini deni tupu si kosa la kufungiwa mtu: mapatano ya mataifa ambayo inchi yetu iliingia mwaka wa 1976 yanakataza jambo hilo. Tena fundi aliye ndani hajengi.

Fundi yule alileta mifuko mitano Lundi iliyofuata. Miwili ilichelewa majuma matatu, na mama alikuja kwetu mara mbili akilalamika. Ikaja. Mabati yalipigiliwa siku chache kabla ya mvua. Mvua ya kwanza ilivuja kwenye kona moja, fundi akapanda akarekebisha, ndipo akalipwa sehemu ya mwisho.

Maswali ya kujifunza pamoja:

1. Kwa nini wazee walichimba msingi kabla ya kuamua?
2. Kama mama angemfukuza fundi siku ile, nani angebomoa mistari minne ya juu, na kwa feza ya nani?
3. Katika mtaa wako, nani anajua kupima ukuta, na je, ameitwa katika mashauri ya kanisa?