Goti Likilia Ka!

Mpenzi msomaji, kabla hujafungua ukurasa wa vichekesho, naomba nikuulize swali. Ukichuchumaa kuokota kalamu, je, goti lako hulia? Kama hulia, karibu, sisi ni wengi. Kengele ya saa kumi na moja alfajiri inapogongwa na watu wakaanza kushuka kutoka vitanda vya juu, bweni letu husikika kama mtu anayevunja kuni.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya mwenzangu mmoja aliyekuwa winga hodari kweli kweli. Muhula wa kwanza goti lake la kulia lilianza kulia "ka!" kila alipoinama. Halikumuuma hata kidogo. Lakini jamaa mmoja akamwambia eti mafuta ya goti yamekwisha, na kwamba akizidi kucheza mifupa itasagana hadi atembee kwa mkongojo. Kijana wa watu akatundika njumu. Muhula mzima alikaa kando ya uwanja akitutazama, na likizoni akanywa supu ya mifupa asubuhi na jioni ili "mafuta" yarudi.

Haya, tuingie katika somo lenyewe. Gotini ndipo mfupa wa paja unapokutana na muundi. Mbele yake pana kile kifupa cha mviringo ambacho Kiswahili kimekipa jina tamu, kilegesambwa, ingawa wengi wetu tunasema pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimevikwa gegedu, yaani kile kitu cheupe kinachoteleza unachokiona mwisho wa mfupa wa kuku. Katikati mna ute, na ute huo ndio watu wanaouita mafuta. Katika goti zima lenye afya haujazi hata kijiko cha chai! Tena hauishi kama mafuta ya gari, kwa sababu utando ulio ndani ya kiungo huutengeneza wakati wote.

Sasa mlio unatoka wapi? Ndani ya ute mna gesi iliyoyeyuka, kama ilivyo ndani ya chupa ya soda. Kiungo kikivutika ghafla, nafasi ya ndani hupanuka, shinikizo hushuka, na gesi hujitenga ikawa kiputo. Mwaka 1947 madaktari wawili wa London walipiga vidole picha za eksirei wakaeleza kwamba mlio hutokea nafasi hiyo inapofunguka. Mwaka 1971 wataalamu wa Leeds wakapinga, wakasema ni kiputo kinachopasuka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitumia mashine ya sumaku inayoona ndani ya mwili, wakaunga mkono maelezo ya kwanza. Mwaka 2018 wengine wakapiga hesabu wakarudi kwa kiputo kinachopasuka. Wasomi nao hubishana kama sisi wakati wa mdahalo! Jaribu mwenyewe: vuta kidole kilie, kisha kivute tena papo hapo. Hakitalia. Ngoja kama dakika 20.

Na je, milio hiyo huharibu kiungo? Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alivunja vidole vya mkono wa kushoto angalau mara mbili kwa siku kwa miaka 50, akauacha wa kulia. Mwaka 1998 aliandika kwamba hakuna mkono uliopata baridi yabisi. Mtu mmoja si ushahidi wa kutosha, na kidole si goti, lakini subira yake naivulia kofia.

Si kila mlio ni wa gesi. Mara nyingine ni kano inayoruka juu ya mfupa, au kilegesambwa kinachokwaruza kikiteleza katika mfereji wake. Jambo la kuuliza ni moja tu: kuna maumivu? Goti likilia na kuuma, likivimba, likikwama lisinyooke, au likikulegea ghafla ukitembea, usingoje mechi ya Jumamosi. Mwone daktari. Hapo hata goti lisilolia huwa na jambo. Wengi wa rika letu huota kinundu kinachouma chini kidogo ya kilegesambwa, hasa wanaorukaruka sana wakati mifupa ingali inakua. Osgood wa Marekani na Schlatter wa Uswisi walikieleza mwaka 1903, kila mmoja kwa upande wake. Dawa yake kubwa ni kupunguza kuruka na kukimbia hadi maumivu yatulie, na kwa kawaida maumivu hayo huisha mifupa ikikoma kurefuka.

Sasa lile kosa la winga wetu. Gedegu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute, na ute huingia na kutoka linapobanwa na kuachiliwa, kama sponji, kila unapotembea. Kuliacha goti bila kazi ni kulinyima chakula! Aidha, misuli ya paja ikilegea, kilegesambwa hukosa wa kukiongoza. Kwa hiyo egemea ukuta wa bweni, teremka kidogo kama anayetaka kukaa, hesabu hadi kumi, uinuke. Rudia mara kumi. Pasha mwili moto kabla ya mechi, na usiongeze mbio maradufu katika wiki moja kwa sababu mashindano yamekaribia. Na kupiga magoti juu ya kokoto kwa muda mrefu hakumfai mtu yeyote (walimu wa zamu wataniwia radhi).

Winga wetu alirudi uwanjani muhula wa tatu, baada ya daktari kulikunja na kulikunjua goti lake na kumwambia halina kitu. Paja lilikuwa limenywea, akapewa mazoezi ya wiki sita kwanza. Goti bado hulia. Kipa wetu anasema akilisikia hujua krosi inakuja.