Mafaili ya Muda: Yakae Kwenye Kumbukumbu au Kwenye Diski?

Kompyuta inapofanya kazi huandika mafaili mengi ambayo mtumiaji hakuyaagiza: vipande vya faili kubwa linalofunguliwa, majibu ya kati ya hesabu ndefu, nakala ya waraka unaohaririwa. Haya huitwa mafaili ya muda. Yawekwe wapi?

Kufikia data iliyomo katika kumbukumbu huchukua takribani nanosekunde 100. Diski ya sumaku, ambayo sharti izunguke na mkono wake usogee, huhitaji takribani milisekunde 10, yaani mara 100,000 zaidi. Kwa hiyo wengi hujibu upesi kwamba kumbukumbu ndiyo bora. Katika jamii ya mifumo iitwayo Linux, Fedora ilihamishia folda ya /tmp kumbukumbuni katika toleo la 18, mwaka 2013. Debian ikafuata katika toleo la 13, mwaka 2025.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina udanganyifu. Linux haipeleki data diskini papo hapo, bali huishikilia kwanza kumbukumbuni kwa sekunde kadhaa. Faili likifutwa mapema, huenda lisiguse diski kabisa. Faida halisi, basi, ni ndogo kuliko tarakimu zinavyodai.

Hasara nayo tuipime. Tuchukue kompyuta ya shule yenye kumbukumbu ya GB 4. Kwa kawaida /tmp huruhusiwa kujaza nusu yake, yaani GB 2. Mwanafunzi akifungulia humo faili la GB 3, ataambiwa nafasi imekwisha, ingawa diski ina mamia ya GB matupu! Tena kila kinachowekwa humo huzipunguzia nafasi programu nyingine.

Kisha kuna umeme. Ukikatika, yote yaliyo kumbukumbuni hupotea. Kwa faili la siri hiyo ni heri. Kwa nakala pekee ya kazi ya saa tatu ni msiba. Ndiyo sababu Linux ina folda ya pili, /var/tmp, ambayo kwa desturi hukaa diskini na haifutwi kompyuta inapowashwa upya. Mtunga programu anayeweka nakala ya tahadhari ndani ya /tmp amekosea mahali, hata kama programu yake inakwenda kasi.

Zoezi: katika kompyuta yenye Linux, andika amri df -h /tmp. Safu ya kwanza ikionyesha neno tmpfs, mafaili hayo yamo kumbukumbuni. Linganisha ukubwa ulioandikwa na kumbukumbu yote ya kompyuta, kisha rudia kwa /var/tmp.