Tekineti Hospitalini: Kazi ya Fundi Sanifu wa Tiba ya Nyuklia

Picha ya eksirei huonyesha umbo la mfupa, lakini haielezi vyema kazi inayoendelea ndani yake. Saratani iliyotoka kwenye titi au tezi dume yaweza kukaa mfupani kwa miezi kadhaa kabla ya picha hiyo kuonyesha kasoro yoyote. Tiba ya nyuklia hufuata njia iliyo kinyume: badala ya kupitisha mionzi mwilini kutoka nje, mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi kidogo, na kamera husoma mionzi inayotoka ndani yake. Pale mfupa unapojijenga upya kwa kasi, dawa hujikusanya kwa wingi. Anayeitayarisha dawa hiyo, akaipima na kuiongoza kamera, ni fundi sanifu wa tiba ya nyuklia. Katika Afrika ya Mashariki kazi hii hufanyika, miongoni mwa mahali pengine, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi.

Isotopu itumiwayo zaidi ni tekineti-99m. Tekineti iligunduliwa mwaka 1937 mjini Palermo, Italia, na Carlo Perrier na Emilio Segrè, katika kipande cha molibdeni kilichokuwa kimepigwa chembe za atomi huko Berkeley, Marekani. Ilikuwa elementi ya kwanza kutengenezwa na binadamu, na jina lake latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu cha kutengenezwa. Nusu-uhai ya tekineti-99m ni saa 6. Muda huo watosha kumpiga mgonjwa picha, na ni mfupi kiasi kwamba mionzi haidumu mwilini mwake. Lakini dawa inayopungua kwa nusu kila baada ya saa 6 itasafirishwaje kutoka bara jingine?

Jibu ni kumsafirisha mzazi badala ya mtoto. Molibdeni-99, ambayo nusu-uhai yake ni saa 66, huvunjika na kuwa tekineti-99m. Hospitali huletewa kasha zito la risasi (madini, si ile ya bunduki) lenye bomba dogo la kioo lililojazwa alumina. Molibdeni hushikamana na alumina. Tekineti haishikamani nayo sana. Maji ya chumvi yakipitishwa bombani huondoka na tekineti na kumwacha mzazi mahali pake. Mafundi wa nchi nyingi huliita kasha hilo ng'ombe, na kazi yenyewe kukamua. Jina lafaa, kwa maana baada ya saa 23 hivi tekineti huwa imejaa tena.

Maziwa hayo hayatumiki kabla ya kupimwa. Hatari kubwa ni molibdeni kuponyoka, kwani ingempa mgonjwa mionzi mingi isiyoongeza chochote katika picha. Hapa fizikia ya darasani humsaidia fundi. Miali ya gama ya tekineti ina nishati ya keV 140, nayo huzuiwa na risasi nyembamba. Mwali mkuu wa molibdeni una keV 740, na sehemu yake kubwa hupenya. Basi kichupa huwekwa ndani ya kikopo cha risasi chenye unene wa milimeta chache, na kinachosomwa na kipimo ni molibdeni. Kiwango cha juu kinachotumika Marekani ni kilobekereli 0.15 za molibdeni kwa kila megabekereli ya tekineti, wakati wa kudunga.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Tuseme saa 12 asubuhi kipimo kimeonyesha 0.10. Ifikapo saa 6 mchana tekineti imebaki nusu, ilhali molibdeni imepungua kwa asilimia 6 tu. Uwiano sasa ni 0.19 takriban. Kichupa kilichofaulu asubuhi hakifai tena mchana, ingawa hakuna aliyekigusa. Fundi asiyepiga hesabu hiyo hatambui kosa, wala mgonjwa hatalihisi.

Kisha tekineti huunganishwa na dawa ya kuipeleka mahali inapotakiwa; kwa mifupa hutumika kampaundi ya fosfeti. Muungano usipokamilika, tekineti iliyo huru huenda kwenye tezi ya shingo na tumboni, na daktari huletewa picha ya kupotosha. Mgonjwa hungoja saa 3 hivi, akinywa maji na kwenda haja ndogo mara kwa mara, ndipo alale chini ya kamera.

Kujikinga kwa fundi kwategemea muda, umbali na kizuizi. Umbali aghalabu hushinda: akiisogeza chupa kutoka sentimeta 10 hadi 30, mionzi inayoufikia mwili wake hupungua mara 9. Jambo lisilofikiriwa na wengi ni kwamba mgonjwa aliyedungwa naye ni chanzo cha mionzi. Hivyo fundi hodari humaliza mazungumzo kabla ya sindano: huhakikisha jina, humwuliza mwanamke kama ni mjamzito au ananyonyesha, na humtuliza mwenye hofu. Kumkimbia mgonjwa baadaye si adabu, wala hakuhitajiki.

Tatizo lisilo mikononi mwa fundi ni upatikanaji wa molibdeni. Hutengenezwa kwa kupasua urani katika vinu vichache duniani, kimojawapo kikiwa SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika ya Kusini, kilichoanza kazi mwaka 1965. Kinu cha Chalk River, Kanada, kiliposimama kuanzia Mei 2009 hadi Agosti 2010, hospitali za nchi nyingi ziliahirisha vipimo, kwa sababu molibdeni haiwekwi akiba ghalani. Kinu hicho kilifungwa kabisa mwaka 2018.

Maswali ya mazoezi

1. Kasha lilitoka kiwandani likiwa na gigabekereli 16 za molibdeni-99, likakwama uwanja wa ndege, na likafika hospitalini baada ya saa 132. Zimebaki ngapi?

2. Mgonjwa ahitaji megabekereli 740 za tekineti-99m saa 9 alasiri. Fundi atenge kiasi gani saa 3 asubuhi?