Kazi za kwanza za mbunifu wa michoro: dola 35 za Carolyn Davidson

Vijana wengi wanaojifunza ubunifu wa michoro huanza kazi kwa kujitegemea, na mara nyingi mteja wao wa kwanza ni kamati ya usharika: kadi za mchango, kalenda, tisheti za kwaya. Katika somo hili tunaangalia kazi za mwanzo za mbunifu mmoja wa Marekani, ili kamati na wafadhili wajipime namna wanavyoagiza na kulipia kazi za aina hiyo.

Carolyn Davidson alisoma Chuo Kikuu cha Portland State, jimbo la Oregon. Alianza na uandishi wa habari, kisha akahamia michoro. Mwalimu mmoja wa uhasibu chuoni hapo, Phil Knight, alimsikia akisema kwamba hana uwezo wa kununua rangi za mafuta. Knight alikuwa na kampuni ndogo, Blue Ribbon Sports, iliyoanzishwa mwaka 1964 kuuza viatu vya michezo kutoka Japani. Akampa kazi kwa dola 2 kwa saa. Zilikuwa chati na grafu za kuonyesha kwenye mikutano na wafanyabiashara wa Kijapani. Kazi ndogo, lakini ndizo zilizomfungulia mlango.

Mwaka 1971 kampuni ilijiandaa kuuza viatu vyake yenyewe, ikahitaji alama ya kuweka ubavuni mwa kiatu. Maelekezo yalikuwa wazi: alama ionyeshe mwendo, na isifanane na mistari mitatu ya Adidas. Hapa tungeomba kamati zitulie kidogo, maana agizo letu la kawaida ni "tutengenezee kitu kizuri", halafu tunalalamika kazi ikija. Davidson alichora kwenye karatasi nyepesi aliyoilaza juu ya mchoro wa kiatu, apate kuona alama itakavyokaa. Akapeleka michoro kadhaa. Knight hakuipenda sana hata ile iliyochaguliwa, ila muda ulikuwa umebana na uzalishaji ulikuwa unasubiri. Davidson akadai dola 35. Alama ile ndiyo Swoosh ya Nike.

Je, alipunjwa? Kwa dola 2 kwa saa, dola 35 ni malipo ya saa 17 na nusu, na siku ile hakuna aliyejua kwamba alama hiyo ingefika kote duniani. Kwa maoni yetu kasoro haiko kwenye bei peke yake. Malipo ya saa hulipia mkono uliochora, lakini hayasemi lolote juu ya miaka ambayo mchoro utatumika. Davidson aliendelea kuifanyia kampuni kazi nyingine, hadi ilipokua na kuchukua wakala wa matangazo katikati ya miaka ya 1970. Mwezi Septemba 1983 Knight alimwalika, akampa pete ya dhahabu yenye almasi na umbo la Swoosh, pamoja na hisa za kampuni. Lilikuwa jambo jema. Hata hivyo ilikuwa hisani, miaka 12 baadaye, na mbunifu kijana hawezi kulipia kodi ya chumba kwa kutegemea hisani.

Kwa hiyo, kabla kijana hajaanza kuchora, kamati iandike naye ukurasa mmoja: kazi yenyewe, tarehe, idadi ya masahihisho, bei na malipo ya awali. Waandike pia mchoro utatumika wapi na kwa muda gani, na itakuwaje nembo iliyochorwa kwa ajili ya mradi mmoja ikija kutumiwa na dayosisi nzima. Kipengele hiki cha mwisho husahaulika kuliko vyote.

Kwa wafadhili tuna ombi moja. Bajeti nyingi tunazopitia zina fungu la uchapaji, lakini hazina fungu la ubunifu, kana kwamba mchoro hujichora wenyewe. Mnapopokea maombi ya mradi wenye mabango au vipeperushi, tafadhali ulizeni nani atachora, na atalipwa kutoka fungu gani.