Mgeuze Kila Baada ya Saa Mbili

Kinanie, huku Mavoko, watu hudamka. Kabla jua halijachomoza wafanyakazi wa viwanda vya Athi River wameshatoka, na wengine wako njiani kwenda Nairobi. Katika baadhi ya nyumba anayebaki ni mama mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, pamoja na msichana aliyeajiriwa kumtunza. Tunamwita dada wa kazi, kana kwamba kumhudumia mgonjwa na kupiga deki ni kitu kimoja. Sivyo, na asipoelekezwa, mgonjwa ndiye anayeumia.

Kwa Wakamba, mama wa makamo na zaidi huitwa Mwaitu. Mwite hivyo, umjulie hali, umwambie unachotaka kufanya kabla ya kumfunua. Kisha nawa mikono.

Maji ni ya kubana katika nchi kavu kama hii, lakini unapomwosha mgonjwa usiyabane. Anza na uso, malizia na sehemu za siri ukipangusa kutoka mbele kwenda nyuma, tena kwa maji mengine na kitambaa kingine. Ukimvisha, anza na mkono uliopooza; ukimvua, anza na ule mzima. Ukigeuza utaratibu huo utajikuta unavuta mkono usio na nguvu, na bega lililopooza huteguka upesi. Kwa sababu hiyohiyo, usimwinue kwa kumshika kwapani wala kumvuta mkono.

Ngozi ndiyo inayotaka macho zaidi. Mtu asiyeweza kujigeuza huota vidonda pale mfupa unapokandamiza godoro: kwenye makalio, nyonga, visigino, hata nyuma ya kichwa. Mgeuze kila baada ya saa mbili, weka mto katikati ya magoti, na mwingine chini ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa kitanda. Vitabu vingi husema utafute wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huenda usiuone, basi pitisha mgongo wa kiganja: palipo na joto kuliko kwingine, au pagumu, ndipo kidonda kinapoanzia. Usipasugue kwa mafuta, ingawa wengi wamezoea. Kusugua huzidi kuharibu nyama iliyo chini. Usimlalishe upande huo, na umwarifu muuguzi.

Kula nako kuna hatari yake. Mketishe wima, kidevu kimeinama kidogo, mlishe kwa kijiko kidogo upande wa mdomo wenye nguvu, na usubiri ameze. Chai nyepesi huweza kumpalia kuliko uji mzito. Akimaliza, angalia kama kuna chakula kilichobaki shavuni, halafu abaki ameketi nusu saa. Akikohoa kila anapomeza, au sauti ikawa kama ina maji, acha kumlisha na mpeleke kituo cha afya. Kama ana mpira wa mkojo, mfuko uwe chini ya kiuno chake daima. Kuutia au kuutoa mpira si kazi yako, wala kupunguza dawa kwa sababu leo anaonekana ana nafuu.

Nunua daftari la shule. "Saa nne: amelalia kushoto, uji kikombe kimoja, hajakojoa tangu asubuhi." Mstari huo mmoja utamsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya mtoto aliyerudi usiku.

Msaada upo karibu. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliozinduliwa nchini Septemba 2023 wakiwa takriban 100,000, hutembea nyumba kwa nyumba na wana vifaa vya kupima presha na sukari. Muulize mzee wa mtaa ni nani anayehudumia upande wenu. Kama mgonjwa ametimiza miaka 70, uliza pia kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee walioandikishwa.

Neno la mwisho ni kwa mwajiri. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Anayemgeuza mgonjwa mchana na kuitwa tena usiku naye ana mgongo. Jumapili mwache aende kwao, beseni ulishike wewe.